Jina la Hildur na Uongo Wangu wa Wiki Tatu

Leo nimevuliwa nguo mbele za watu, na suti yangu ilikuwa bado mwilini.

Naandika haya nikiwa nimejifungia chumbani kwa dada yangu, hapa Kisangani, commune, yaani wilaya, ya Tshopo. Uani bado wanakula. Nasikia vicheko na najua wanamcheka nani. Kabla habari haijawafikia kwa midomo mingine, afadhali niwape mimi mwenyewe, niweke na zile sehemu zinazonitetea (nimezitafuta sana, nimepata mbili).

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa. Jina langu ni Fidèle, yaani mwaminifu. Tafadhali msiseme kitu.

Dada yangu Denise ameolewa na Kasereka, mfanyabiashara kutoka Kivu ya Kaskazini. Anauza saruji, misumari na mabati. Tangu vita vilipokata barabara mabati hayafiki, na duka limebaki nusu tupu. Vita hivyohivyo vilichoma nyumba ya mama yake huko upande wa Beni, kwa hiyo mama amekuja kukaa nao. Sisi tunamwita Koko Masika, maana kwetu nyanya ni koko. Alitembea siku kumi na moja kabla ya kupata lori la kumbeba, akiwa na sufuria moja na picha ya Bikira Maria.

Tangu afike, neno "vita" halitamkwi nyumbani kwa Denise. Hakuna aliyelikataza. Tuliliacha tu, kila mtu kwa hofu yake. Tunasema "ile kitu". Barabara imefungwa sababu ya ile kitu. Sukari imepanda juu ya ile kitu. Koko mwenyewe hajawahi kulitaja, na sisi tulisema, mnaona, jeraha bado bichi.

Miezi mitatu iliyopita Denise alijifungua binti yake wa kwanza. Uchungu ulichukua siku mbili. Umeme ulikatika, mafuta ya jenereta yakaisha, na sisi wanaume tukawa uani mwa hospitali tunasali rozari tukiruka mafumbo kwa woga. Aliyemwokoa ni mkunga wa shirika moja la misaada, mwanamke mrefu kutoka Isilandi, kisiwa cha huko juu kabisa kwenye baridi. Anaitwa Hildur. Jina lake la pili ni "binti wa" halafu jina la baba yake, basi, kwao ukoo hauna jina. Alifanya kazi na taa ndogo aliyoifunga kichwani. Kulipopambazuka Denise alikuwa hai, mtoto alikuwa analia, na sisi wanaume tulikuwa tunapongezana.

Denise aliposhika mtoto alisema neno moja tu: "Huyu ni ndoyi ya Hildur."

Ndoyi, kwa msiojua mambo ya hapa, ni mwenzako wa jina. Ukimpa mtoto jina la mtu, hao wawili wanaitana ndoyi mpaka kufa. Ni undugu kamili, una zawadi zake na wajibu wake.

Kasereka alikubali. Koko alikubali kwa sharti. Kwake yeye jina haliingii nyumbani kama mgeni asiyejieleza. Linabeba kitu, na lazima watu wajue linabeba nini.

"Mutafute kwanza maana," alisema. "Kama iko na mambo mubaya, miye sitamubeba huyu mutoto."

Na koko akikataa kumbeba mjukuu siku ya ubatizo, jambo hilo haliishi mwaka huo. Denise naye akasema mwanawe hataitwa jina lingine, mwanamke yule alimtoa kaburini. Mama mkwe upande huu, mkwe upande ule, na Kasereka katikati anatazama viatu vyake. Hatimaye wote watatu walinigeukia mimi.

"Fidèle, weye njo ulisoma," alisema Kasereka, yaani mimi ndiye msomi. "Tafuta."

Nilitafuta. Nilinunua megabaiti, nikakaa kwenye chumba cha walimu, nikaandika jina. Ukurasa wa kwanza: Hildur, jina la kike la Isilandi, limetoka katika neno la kale la watu wa kaskazini, maana yake vita. Nikasema hawa wamekosea. Ukurasa wa pili: mapigano. Ukurasa wa tatu ulieleza vizuri zaidi, kwamba watu wale wa kale walipenda kuwapa mabinti majina ya vita, na kwamba Gunnhildur, jina lililo kama dada wa hilo, ni vita mara mbili. Ulitaja pia wanawake wa hadithi zao waliokuwa wakipita juu ya uwanja wa mapigano kuchagua nani afe. Hapo megabaiti ziliisha, nikashukuru. Ukurasa wa nne ungenitolea bunduki.

Jioni nilikwenda kwa Denise. Njia nzima nilipanga kusema ukweli polepole, kwa maneno laini: ushujaa, nguvu, mapambano ya maisha. Nilifika. Koko alikuwa amemweka mtoto mapajani, anamkanda miguu kwa mafuta ya mawese. Alinitazama kwa macho ya mtu aliyekwisha kupoteza vitu vingi na sasa anauliza kama na hiki atapoteza.

"Mwalimu, jina inabeba nini?"

"Amani," nikasema.

(Sehemu ya kwanza ya kunitetea: ni mdomo uliosema. Mimi nilisikia pamoja na wengine.)

Koko alifunga macho, akamwinua mtoto, akasema, "Mungu alitusikia." Denise alilia. Kasereka alinipa mkono na soda baridi. Nami nilisema moyoni kwamba uongo mdogo wa namna hii unakufa wenyewe, mradi usiulishe.

Waliulisha wao. Wiki ya kwanza Koko aliwaambia akina mama wenzake wa Kivu waliokimbilia hapa, wana kwaya yao kwenye parokia, wakatunga wimbo. Wiki ya pili Kasereka alimpa mchoraji shuka nyeupe, likarudi kalikoti, yaani bango la kitambaa, la mita tatu lenye herufi nyekundu: HILDUR AMANI. Wiki ya tatu akina mama walishona kitenge cha aina moja. Mimi nilipungua kilo. Watu walisema ni mishahara ya walimu.

Bado nilikuwa na tumaini moja. Hildur alikuwa kazini huko Basoko, na kutoka Basoko mpaka hapa ni safari ya boti. Nani anajua mambo ya boti.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili, Denise ananipigia simu. Sauti yake inacheka, na tangu azae ananiita tonton, mjomba.

"Tonton Fidèle, Hildur alifika jana. Anakuya ku fête. Koko anasema njo yeye mwenyewe ataeleza jina mbele ya batu, na mutoto ku mapaja, ndoyi na ndoyi. Na weye njo protocole, utashika micro."

Nilikaa kitandani. Nilijaribu kuugua. Nilijishika paji la uso, lilikuwa baridi na lenye afya.

Misa ya ubatizo ilikuwa saa tatu. Hildur hakuja kanisani, alikuwa na wagonjwa, nikapata kupumua. Lakini padri alikuwa ameshapewa habari na Koko. Alipanda mimbarini, akasema huko mbali kwenye barafu kuna watu wanaowaita mabinti zao Amani, na sisi huku kwenye moto tunajifunza kwao. Akaendelea dakika ishirini. Watu waliitika kwa machozi. Nilikaa benchi la tatu, nikiwa nimeloa shati mpaka kwenye mkanda, nikiwaza kama kuna dhambi inayozidi kumlisha padri uongo naye akauhubiri madhabahuni. Alipomwaga maji kichwani kwa mtoto na kusema, "Marie Hildur Masika," mtoto alinitazama mimi. Naapa alinitazama mimi.

Saa saba kamili gari jeupe la shirika liliingia uani. Nilikuwa nimejipanga getini tangu saa sita, hotuba yangu ya Kifaransa iko tayari: Madame, kuna jambo dogo kuhusu jina lako, tafadhali likumbuke tofauti kidogo. Mlango ulifunguka. Nilifungua mdomo. Koko alinipita kwa upande wa kushoto kwa mwendo ambao mtu wa umri wake hapaswi kuwa nao, akamshika Hildur mkono, akaondoka naye.

Hildur ni mtu mzuri, nisimseme vibaya. Ana tabia moja ya kusema ndiyo kwa kuvuta pumzi ndani, kama mtu aliyekanyaga msumari. Koko alimuuliza kama ana pumu. Nilitafsiri, Hildur akacheka, akasema kwao wote husema hivyo. Alimletea ndoyi wake zawadi: sweta la sufu nzito, alilolifuma mwenyewe. Sweta la sufu, Kisangani, jua la saa saba. Mtoto alivalishwa kwa ajili ya picha, akawa mwekundu, akavuliwa. Kisha Hildur akatazama kalikoti ukutani.

"Hildur Amani," akasoma. Akaniambia kwa Kifaransa kwamba ni zuri sana walivyoongeza jina lao wenyewe pembeni ya lake.

Hakujua Kiswahili hata neno moja! Nilikaribia kumkumbatia.

Hapo mpango ulinijia. Dereva wake, Papa Jeannot, mtu wa hapahapa mjini, alikuwa ameniambia kwamba sheria ya shirika lao ni gari kuwa limerudi kabla ya saa kumi na moja, kwa ajili ya usalama. Na nani alikuwa ameshika kipaza sauti? Mimi. Nani anapanga ratiba? Mimi. Neno la ndoyi nikalipeleka mwisho kabisa, baada ya chakula, na chakula nikakipeleka mbali.

Protocole, yaani washereheshaji, wote duniani hukata hotuba. Mimi leo nilizirefusha. Nilianza na sala ya kufungua, kisha sala ya kushukuru kwa kufungua. Niliwaomba wawakilishi wa familia wajitambulishe, mmoja mmoja, na kazi zao. Nilimpa kipaza sauti jirani aliyekuja kuomba kiti chake. Akina mama wa kwaya waliimba, "Hilduri, Hilduri, amani imefika," na Hildur akapiga makofi kwa furaha asijue anapigia nini. Mimi nikaomba wairudie.

Kisha nilitoa silaha yangu kubwa, Papa Lisungi. Huyu ni nahodha mstaafu wa baleinière, zile boti za mbao za mtoni, mtu wa Isangi. Aliwahi kuchukua nusu saa kushukuru kwa glasi ya maji. Nikasema, "Papa, tuambie safari yako ya kwanza kutoka Basoko." Akasimama, akavua kofia. Tuling'oa nanga Basoko vizuri. Tulipofika Isangi tulishusha abiria, kwa majina yao. Yangambi injini iliharibika, tukaitengeneza, kila kifaa mahali pake. Yanonge alinunua samaki, akakumbuka bei. Watu walianza kutazama sufuria. Liboke, samaki waliofungwa kwenye majani, zilikuwa juu ya makaa, majani yanaungua pembeni, harufu inatembea kati ya viti. Lituma ilikuwa imeshapondwa, ndizi nzuri, inakauka juu. Watoto walilala.

"Tonton," alininong'oneza Mama Béa, jirani wa Denise muuza samaki wabichi, "batu bako na njaa. Unatafuta nini?"

"Ni heshima ya wazee," nikajibu.

Lori la wanajeshi kutoka kambi ya Kapalata lilipita barabarani. Watu walinyamaza kama kawaida mpaka sauti yake ikaisha. Papa Lisungi peke yake hakunyamaza, alikuwa anakaribia kilomita ya mwisho.

Saa tisa na nusu alifunga boti hapa Kisangani. Nilitazama saa. Nilisimama, nikatangaza kwa huzuni kubwa kwamba kwa sababu za usalama mgeni wetu analazimika kutuacha, tumsindikize kwa makofi. Hildur aliinuka, akachukua mkoba wake. Koko alianza kulalamika. Mimi nilikuwa tayari namsukuma mgeni kuelekea gari, kwa adabu, mkono mmoja mgongoni.

Papa Jeannot hakuinuka.

"Protocole," alisema, "sisi tuko hapa tangu saa saba. Ile liboke inanipiga mu pua masaa mbili na nusu. Kutoka ku fête ya ndoyi bila kukula iko vibaya. Madame hajue, lakini miye ninajua."

Akachukua redio ya gari, akaita kituo chao, akaeleza hali. Alitumia neno "liboke" mara tatu. Kituo kikamwambia sawa, mle, ila muwe mmerudi saa kumi na moja bila kukosa.

Yaani kama ningewalisha saa nane, wangeshiba, na nilipowaaga wangeondoka. Njaa niliyoipika mimi mwenyewe ndiyo iliyomshika mgeni. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na mimi kisima changu nilikichimba kwa kipaza sauti.

Walikula. Saa kumi na dakika kumi Koko aliosha mikono, akamleta mtoto, akamweka mapajani mwa Hildur, akakaa kwenye kigoda mbele yake. Hata waliokuwa wanafungasha chakula waliacha.

"Mwalimu, mwambie ndoyi aseme jina yake inabeba nini. Aseme na kinywa yake."

Nilimwambia. Sikuwa na namna. Hildur akavuta ile pumzi yake ya ndiyo, akamtazama mtoto, akasema kwa Kifaransa cha polepole, cha wazi, kile ambacho huwa nawaomba wanafunzi wangu wakiseme: jina hili ni la kale sana kwetu, lilikuwa la bibi yangu aliyenilea, na maana yake ni la guerre.

La guerre. Vita.

Hapa ni Kisangani. Nusu ya uani inajua Kifaransa. Niliona habari ikipita usoni kwa watu, kiti kwa kiti. Kasereka aliacha kutafuna. Padri alichungulia ndani ya glasi yake. Denise alinitazama, na katika macho yake niliona mtoto wake akinyang'anywa jina, na mama mkwe akifunga mlango, na miaka mingi ya meza isiyoongea. Niliogopa. Sisemi kwa utani.

"Anasema," nikasema kwenye kipaza sauti, "jina ni la kale sana. Lilikuwa la bibi yake. Na anawasalimia wote."

"Amesema na kitu ingine pale mwisho," alisema Mama Béa.

"Anasema pia lina nguvu."

"Tonton, hakusema ivo."

Koko aligeuka kwa padri. "Monsieur l'abbé, weye unajua Kifaransa. Alisema nini?"

Padri aliinua kichwa. Sijawahi kutazamwa vile na mtu wa Kanisa. "Fidèle atasema mwenyewe," akajibu. "Kwa sauti, wasikie na waliokuwa kanisani."

Nilijaribu kulisema kwa chini, Koko tu asikie. Nilisahau nimeshika nini mkononi.

"Vita," nikanong'ona. Na ile spika ya parokia, iliyofungwa juu ya ukuta na mdomo wake kwa barabara, ikapaza: VITA. Muuza mkate nje aliangusha beseni lake. Mtu wa nyumba ya tatu alipiga kelele kuuliza vimefika wapi. Ikabidi Kasereka atoke getini kuwaeleza majirani kwamba ni ubatizo tu.

Koko alinigeukia.

"Tangu lini unajua?"

"Wiki tatu, Koko."

"Na ulinidanganya."

"Niliogopa. Koko, nisamehe. Niliogopa."

Hildur aliuliza kuna nini. Nilimweleza kwa Kifaransa, yote, hadi kalikoti, hadi wimbo, hadi mahubiri. Alizidi kuwa mweupe, jambo nililodhani haliwezekani. Alisema kama jina linaumiza, wamwite mtoto jina lingine lolote, yeye hatakasirika. Alianza kumrudisha mtoto. Denise alisimama. Koko alinyanyua mkono, wote wakabaki walivyo.

"Mwulize. Kwabo kuko vita?"

Niliuliza. Hildur alisema hapana.

"Basoda je? Wanajeshi, bako wengapi?"

Niliuliza. Hildur alisema hawana jeshi. Kuna polisi, na kuna walinzi wa bahari wenye meli zao, lakini jeshi hakuna.

"Ata mumoja?"

"Hata mmoja, Koko."

"Na huyo bibi yake, mwenye jina ya vita, alikuwa anafanya kazi gani?"

Hildur alifikiri. "Alikuwa akikausha samaki," nikatafsiri. Watu wa mtoni, kina Papa Lisungi, waliitikia kwa vichwa, hiyo ni kazi.

Koko alimtazama mtoto. Kisha alianza kuhesabu kwa vidole, wala hakuwa anaongea na mtu.

"Miye niko na bajukuu bane mbele ya huyu. Wa kwanza tulimuita Amani. Alizaliwa mu njia, tukiwa tunakimbia. Wa pili Salama. Nyumba yabo ilichomwa mara mbili. Wa tatu Furaha, hajamuona baba yake. Wa ine Baraka, iko mu kambi mupaka leo. Na kwabo kule banaita batoto Vita, na hawana ata soda mumoja."

"Njo kusema tulikuwa tunatia amani mu majina, inakaa mule, haitoke kuya kwetu. Basi leo tutie vita mu jina. Ikae mule. Isitoke tena."

Akachukua mtoto mapajani mwa Hildur, akambeba, juu kabisa, watu wote waone. Denise alipiga magoti palepale. Padri alikohoa, akasema kwa upande wa Kanisa haoni kizuizi. Akina mama wa Kivu walitazamana, mmoja akaanza kwa sauti ndogo, wengine wakaingia: "Hilduri, Hilduri, vita ikae mule." Walilia wakiimba. Papa Jeannot naye, na alikuwa bado anatafuna.

Ningependa kisa kiishie hapo, mimi nimesahaulika. Gari jeupe lilipoondoka Koko aliniita mbele ya wote.

"Fidèle. Uliona miye siwezi kusikia ile neno?"

"Ndiyo, Koko. Niliona itakuumiza."

"Miye nilitembea ndani yake na hii miguu. Neno haitoboe muguu." Akanitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniumiza kuliko kofi. "Miye sikuwa ninaisema sababu yenu. Niliona nyie njo munaogopa."

Ua mzima ulicheka mpaka viti vikaanguka. Nami ndipo nikaingia humu chumbani.

(Sehemu ya pili ya kunitetea nilikuwa nayo hapa. Nimeitafuta tena, siioni.)

Mnaotaka kunicheka, andikeni tu hapa chini, mmeshinda. Ila msiniombe nimtafsirie Koko mliyoyaandika. Kazi ya kutafsiri nimeiacha leo, saa kumi na dakika ishirini, mbele ya mashahidi.